Jukwaa liwape wamama wa Lubunga kesi, si kilio tu

WAGENIA, Kisangani – Michezo ya kuigiza inayopelekwa kwa wakimbizi wa ndani hapa mjini ina mtindo mmoja, na anayelala chini ya turubai anaujua kabla ngoma haijapigwa. Mama anaingia akilia. Mwanaume anaingia kueleza kwa nini mama analia. Unafuata wimbo wa amani, halafu mwenye fulana ya mradi anashika kipaza sauti na kuuliza watu wamejifunza nini. Watoto wanajibu kwa pamoja. Gari linaondoka.

Hakuna aliyemwuliza yule mama anadai nini.

Huo ndio ugomvi wa makala haya. Duniani kote, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, waandishi na waigizaji wanawake wamekuwa wakichukua michezo ya kale ya Wagiriki, ile ya misiba mikubwa, na kuisimulia upya kwa macho ya wanawake waliomo ndani yake. Kazi hiyo ikitajwa Kisangani, majibu huwa mawili, na yote mawili ni mabaya. Wa kwanza anasema hayo ni mambo ya Wazungu, watu hapa wana njaa. Wa pili anasema ni mazuri, tuyalete, halafu analeta ile ile: mama wa Kikongo anawekwa jukwaani kulia, safari hii kwa jina la Kigiriki.

Tuanze na Wagiriki wenyewe, maana wengi wanawafikiria kama mabwana wa jumba la makumbusho. Karibu miaka 2,500 iliyopita Athens ulikuwa mji wa vita. Watu wake walikaa kwenye mteremko wa mlima, mchana kweupe, wakatazama michezo iliyojaa wanawake wenye maneno makali: Antigone, Medea, Hecuba, Cassandra. Walioandika walikuwa wanaume. Walioigiza pia walikuwa wanaume, wamevaa vinyago vya kike. Mwanamke wa Athens hakupiga kura, na mahakamani alisemewa na baba au mume. Lakini yule wa kwenye mchezo alisimama mbele ya mji mzima akamwambia mfalme kwamba amekosea. Pengo hilo, kati ya mwanamke wa jukwaani aliyesema na mwanamke wa nyumbani aliyenyamazishwa, ndilo walimoingilia waandishi wa siku hizi.

Mwaka 415 kabla ya Kristo, Euripides alionyesha mchezo wa wanawake wa Troy. Miezi michache tu nyuma, jeshi la Athens lilikuwa limeuteka mji wa kisiwa cha Melos, likaua wanaume na kuuza wanawake na watoto utumwani. Euripides hakutaja Melos. Alitaja Troy, mji wa hadithi za mababu, na kila aliyekaa pale mlimani alikuwa na uwezo wa kuelewa ni nani anayesemwa. Tuliweke hilo akilini; litarudi hapa chini, na ni jambo zito kuliko yote.

Katika mchezo huo wanawake wamekaa nje ya mji uliochomwa, kwenye mahema ya washindi. Anakuja mjumbe wa jeshi, Talthybius, ameshika habari ya kura iliyopigwa: huyu amekwenda kwa fulani, yule kwa fulani. Malkia mzee Hecuba ameangukia kwa Odysseus, mtu anayemchukia kuliko wote. Cassandra kwa Agamemnon. Andromache kwa mtoto wa yule aliyemwua mume wake. Mjumbe si mtu mbaya. Anaona haya. Mtoto mdogo wa Andromache anapotupwa kutoka ukutani afe, ni Talthybius anayemwosha mtoni na kuchimba kaburi. Lakini kura ni kura na orodha ni orodha.

Mtu mwenye orodha na mwenye huruma: nani Kisangani hamjui? Anakuja na kalamu, anaandika majina, anasema pole mama, anarudi baada ya wiki tatu na jina halipo. Waathirika wa Vita vya Siku Sita, tangu 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji huu, wanaishi na orodha mpaka leo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, waliofukuzwa makwao. Mama aliyempoteza mtoto mwaka 2000 hahitaji kuelezwa Talthybius ni nani. Anamngoja.

Sasa, katika mchezo huo huo kuna sehemu ambayo vikundi vya maigizo huipita haraka, na ndiyo penye nguvu. Menelaus, mfalme wa washindi, anakuja kumchukua mkewe Helen, ambaye kwa ajili yake vita vilianza. Hecuba hasemi "nihurumie". Anaomba kesi. Anasema: mwache Helen ajitetee, halafu mimi nitajibu. Na anajibu, hoja kwa hoja, mtumwa mbele ya mfalme, huku mji wake unaungua nyuma yake. Mwanamke aliyepoteza kila kitu anafanya kazi ya mwendesha mashtaka. Hapo hakuna kilio. Kilio kilikuwepo na kitarudi, lakini kwa muda ule anatumia akili.

Ukiupunguza mchezo huo mpaka ubaki na machozi yake tu, umemwibia Hecuba kesi yake. Na ndivyo wamama wa Lubunga wanavyoibiwa.

Tangu mwanzo wa 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipogeuka moto na mapanga, familia nyingi zimevuka mto kwa mitumbwi kuja upande huu wa kulia, na ugomvi ukapanda mpaka Ubundu na Opala. Wengine walifikia shuleni, wengine kanisani, wengine kwa ndugu ambaye naye ana vyumba viwili. Kila aliyekuja kuwahoji aliuliza walichopoteza. Wamama wamejibu swali hilo mara nyingi mpaka wanaweza kulijibu wakiwa wanachambua sombe. Lakini mama mkulima wa Lubunga ana maoni juu ya nani aliuza ardhi, nani alitia sahihi, chifu gani alijua na akanyamaza, nani arudi kwanza na kwa ulinzi gani. Hayo ni maoni ya mtu mwenye kesi. Hayaingii kwenye mchezo wa dakika 30 wenye wimbo wa amani, kwa sababu yangewakera wenye viti vya mbele.

Aeschylus, aliyemtangulia Euripides, ana mchezo unaoitwa Waombaji, na mchezo huo ungeweza kuandikwa kwenye kivuko cha Lubunga. Mabinti 50 wanafika kwa mashua kutoka Misri, weusi kwa jua la Nile kama wanavyojieleza wenyewe, wanakimbia ndoa ya kulazimishwa na watoto wa baba yao mdogo. Wanashika matawi na kukaa penye sanamu za miungu ya mji wa Argos. Mfalme Pelasgus anawaonea huruma lakini anaogopa: akiwapokea, vita vitawafuata. Wale mabinti wanafanya nini? Wanamwambia kwamba asipowapokea watajinyonga kwa mikanda yao juu ya zile sanamu, na laana ibaki mjini kwake. Hayo ni mapatano magumu ya watu wasio na kitu mkononi isipokuwa uhai wao. Naye mfalme hakati shauri peke yake. Anakwenda kuwauliza raia, na raia wanainua mikono: wapokelewe.

Jamii inayopokea ikaulizwa, ikajibu. Mchezo una miaka karibu 2,500 na tayari una mkutano wa wenyeji juu ya wakimbizi, na walioulazimisha mkutano huo kuitishwa ni wanawake. Anayesema hadithi hizi ni za Wazungu hajaisoma hii hata ukurasa mmoja.

Antigone anajulikana zaidi, na sababu ni kwamba kila nchi yenye maiti zisizozikwa humwita. Ndugu wawili wa nyumba moja wamepigana na kuuana. Mjomba wao Creon, mfalme mpya wa Thebes, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine aachwe kwa ndege na mbwa. Dada yao anakwenda usiku, anamwaga udongo juu ya maiti, anakamatwa, na hakatai. Sylvain Bemba wa Brazzaville, ng'ambo ya mto huu huu, alimleta kwetu mwaka 1988 katika mchezo wa Kifaransa: msichana wa Kiafrika anaigiza Antigone huko Uingereza, anapata habari kwamba mchumba wake, kiongozi wa nchi, ameuawa, na anarudi nyumbani kudai mazishi. Thomas Sankara alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla. Femi Osofisan wa Nigeria akaandika Tegonni, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1994: humo Antigone mwenyewe anafika Afrika kama msafiri na kumkuta binti wa kifalme wa Kiyoruba yuko katika mapambano yale yale dhidi ya gavana wa Kiingereza. Huko Afrika Kusini, mwaka 1973, John Kani na Winston Ntshona pamoja na Athol Fugard walitunga mchezo wa wafungwa wawili wa kisiwani wanaojiandaa kuigiza Antigone. Mmoja anagoma kuvaa nywele na maziwa ya bandia. Anaogopa atachekwa. Mwisho anavaa, na maneno ya mwanamke ndiyo yanayomfaa mfungwa kuliko yake mwenyewe.

Kisangani ina deni kwa Antigone kuliko miji mingi. Mwaka 2000 watu walizikwa haraka, palipowezekana, mabomu yakiendelea kuanguka. Katika familia zilizovuka kutoka Lubunga wapo walioacha wafu ambao hawajui nani aliwafunika udongo, kama kuna aliyewafunika. Na kwenye matanga hapa kwetu, tuseme ukweli, wanaume wa ukoo ndio hukaa chini ya mti kuamua: maiti iende wapi, mjane abaki au aondoke, nani achukue nyumba. Wamama wako jikoni na kwenye mkeka. Wimbo wa kilio ni wao, uamuzi si wao. Mwanamke anayeinuka kutoka kwenye mkeka na kusema "mimi ndiye nitakayemzika, na nitamzika hapa" angeleta zogo kubwa katika komine yoyote ya mji huu. Basi jukwaa lingekuwa na kazi.

Sasa kwa hao waandishi wa siku hizi, maana nao hawapaswi kupewa sifa bure. Timberlake Wertenbaker, Uingereza mwaka 1988, alichukua hadithi ya Philomela, aliyebakwa na shemeji yake na kukatwa ulimi asiseme. Katika hadithi ya zamani msichana anafuma kitambaa chenye habari yake na kumpelekea dada yake kwa siri. Wertenbaker aliondoa siri: Philomela wake anatengeneza midoli mikubwa na kuonyesha uhalifu ule mbele ya umati, siku ya sikukuu. Hilo ni badiliko la kweli. Aibu inatoka kwa aliyetendewa inakwenda kwa aliyetenda, na inafanyika hadharani.

Wengine walifanya kitu kingine. Christa Wolf wa Ujerumani, katika riwaya yake ya 1996, alimfanya Medea asiwe muuaji wa watoto wake. Watoto wanauawa na watu wa mji, naye anasingiziwa. Marina Carr wa Ireland, 2015, alimsafisha Hecuba kwa njia hiyo hiyo. Nia inaeleweka: kwa karne nyingi wanaume waliandika wanawake wabaya ili kuwaogopa. Lakini kuna hasara. Mwanamke anayeruhusiwa kuwa jukwaani kwa sharti kwamba awe hana hatia bado yuko chini ya amri ya mtu. Medea wa Euripides anaua, na mchezo unakulazimisha umsikilize hata hivyo: mgeni katika nchi ya watu, ameachwa na mume, anafukuzwa na serikali, ana siku moja tu ya kuondoka. Hecuba, katika mchezo mwingine wa Euripides, analipiza kisasi kwa kuua watoto wa aliyemwua mwanawe. Anatisha. Hakuna anayeweza kumtungia wimbo wa amani.

Na hapa Tshopo ndipo jambo hili linapouma. Katika vita vya majirani hakuna upande uliokuwa na wanaume peke yao. Kulikuwa na wamama waliowaficha watoto wa jirani, na kulikuwa na maneno yaliyosemwa jikoni kabla vijana hawajachukua mapanga. Kila mtu mzima anajua. Michezo ya uhamasishaji inasema mwanamke ni mama wa amani, nukta. Kumwita hivyo ni kumheshimu kwa kumfunga mdomo, maana aliyekwisha kuitwa malaika hawezi tena kusema "nilikuwa na hasira, na nilikuwa na sababu, na nilikosea". Jukwaa la Wagiriki linampa nafasi hiyo. Wanaolisafisha wanaichukua tena.

Kongo yenyewe imekwisha kuwa mchezo maarufu. Lynn Nottage wa Marekani alikwenda Uganda mwaka 2004 pamoja na mwongozaji Kate Whoriskey, akazungumza na wanawake wa Kikongo waliokimbilia huko, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Ruined. Ulionyeshwa Chicago mwishoni mwa 2008, kisha New York, na ukapata tuzo ya Pulitzer 2009. Si wa Kigiriki. Alianzia kwenye mchezo wa Bertolt Brecht juu ya mama mfanyabiashara wa vitani. Lakini unahusika hapa, kwa sababu Nottage alifanya jambo moja sahihi: Mama Nadi wake, mwenye baa kwenye mji wa machimbo, hajakaa akilia. Anauza bia kwa pande zote, anahesabu fedha, anadanganya, anaokoa wasichana na kuwatumia kwa wakati mmoja. Mtu mzima kamili. Wanaotunga michezo ya Kisangani wangeiga hilo kabla ya kuiga kitu kingine. Kilichobaki ni ulalamishi wa kawaida wa hapa: habari zilitoka kwa wakimbizi wa Kongo, na viti vilivyojaa vilikuwa Chicago na New York.

Mfano wa wakimbizi wenyewe kupanda jukwaani upo, na unafundisha mawili. Mwaka 2013, huko Amman, Jordan, wanawake waliokimbia vita vya Syria walicheza mchezo ule ule wa wanawake wa Troy, wakichanganya maneno ya Euripides na habari zao wenyewe, chini ya mwongozaji Omar Abu Saada. Hawakuwa waigizaji. Baadhi walijitoa kabla ya siku yenyewe, kwa kuhofia ndugu au kwa kuhofia waliobaki Syria. Waliobaki walisimama. La pili: mwaka 2014 walialikwa kuonyesha mchezo wao kwenye chuo kikuu cha Georgetown, Washington, wakanyimwa viza. Wanawake wa Troy walikaribishwa Marekani. Wakimbizi waliowaigiza hawakukaribishwa. Kwa hiyo anayepanga jambo kama hili Kisangani asipange kwa ajili ya safari ya Ulaya. Watazamaji wa kwanza wawe ng'ambo ya mto tu.

Uwezo upo. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako Kinshasa mwaka 2001 na tangu 2006 kituo hicho kiko Kisangani. Jina lenyewe ni la rafiki aliyekufa, na kazi ya Dinozord iliyoonyeshwa Vienna 2006 ni maombolezo yake. Mwaka 2009 aliongoza Bérénice ya Racine kwenye Comédie-Française, Paris, ile habari ya malkia anayefukuzwa Roma kwa sababu ni mgeni. Mwaka uliofuata akaleta Avignon mchezo mwingine, na Wakongo, wa kuachana na huyo Bérénice. Mtu wa Tshopo amekwisha kuuchukua msiba wa wenyewe na kuuliza unafanya nini kwetu. Lugha nayo iko tayari: Samuel Mushi wa Tanzania alimtafsiri Edipode wa Sophocles kwa Kiswahili tangu 1971, na Penina Muhando akatoa Nguzo Mama mwaka 1982, mchezo ambao wanawake wanahangaika kusimamisha nguzo ya kijiji chao. Kiswahili cha Kisangani kina maneno mengine, kina Lingala ndani yake, na hiyo ndiyo faida. Hecuba aseme kama mama wa Mangobo anavyosema akimgombeza mwenye nyumba.

Wapo wanaopinga kwa sababu nzito zaidi kuliko "mambo ya Wazungu". Wanasema: kuwaweka wamama Wambole na wamama Walengola jukwaa moja kuzungumzia nani aliua na nani hakuzikwa ni kumwaga petroli. Hawa wasikilizwe. Ni kweli kabisa kwamba ukitunga mchezo juu ya Lubunga, wenye kabila, kijiji na shamba lenye mpaka, utatafuta maafa. Mstari mmoja ukionekana unaelemea upande, mawe yataruka kabla ya wimbo wa mwisho.

Lakini hapo ndipo Euripides anapokuja na dawa yake. Hakusema Melos. Alisema Troy. Hakuna mtu Kisangani mwenye shamba Thebes. Hakuna chifu wa Argos anayeweza kwenda kwa gavana kulalamika. Creon si Mbole wala Mlengola. Amri yake ni amri, na kila mtazamaji atamtambua Creon wake kimya kimya, huenda akamtambua mjomba wake mwenyewe. Ndugu wawili waliouana wana mama mmoja, na mchezo haukulazimishi useme yupi alianza. Majina ya mbali yanampa mama ruhusa ya kusema la karibu, na yanampa jirani yake ruhusa ya kulisikia bila kuinuka. Mchezo wa uhamasishaji unaosema "tupendane" kwa majina ya hapa hapa hauna kinga hiyo, ndiyo maana unalazimika kusema mambo mepesi.

Wa njaa wajibiwe kwa njaa. Mama anayeuza samaki hawezi kukaa mazoezini jioni sita kwa wiki kwa soda moja na posho ya usafiri inayokatwa katikati. Alipwe siku ya kazi kama fundi anavyolipwa siku ya kazi, kwa franka mkononi, siku ile ile. Alipiwe mtumbwi na toleka. Awepo mtu wa kushika watoto, naye alipwe. Mradi ambao hauna fedha hizo uache wamama waende sokoni.

Mahali pawe Wagenia. Hapa penye maporomoko ya mwisho ya Boyoma, wanaume hupanda magogo yaliyofungwa kwa kamba za msituni na kushusha vikapu kwenye maji yanayokimbia, na wamama hungoja ukingoni kununua na kuuza. Wageni hupiga picha za wanaume kwenye magogo. Mteremko upo, sauti ya maji ipo, na watu wa mitumbwi kutoka pande zote mbili hufika. Kikundi kiwe cha wamama kutoka pande zote mbili za ugomvi pamoja na wenyeji wa hapa, wachague wenyewe kati ya Antigone, wanawake wa Troy na wale mabinti 50. Wawe na haki ya kubadili mwisho, na wawe na haki ya kuuacha ulivyo hata kama ni mbaya. Kila mmoja aweze kujitoa mpaka siku ya mwisho bila kudaiwa fedha aliyokwisha kulipwa, maana Amman ilionyesha kwamba watajitoa. Picha na video zisitoke bila kila aliyemo kukubali, mmoja mmoja.

Wakuu wa komine na machifu waalikwe na wakae mbele. Kipaza sauti wasipewe. Mchezo ukiisha, watakaouliza maswali wawe wamama waliocheza, na wa kwanza kuulizwa awe aliyekaa kwenye kiti cha Pelasgus: wageni wamefika kwa mashua, wana matawi mkononi, wewe umewaambia raia wako nini?